Pama la Baba Kichwani kwa Kel

Wodi ya upasuaji, ghorofa ya nne
Jumapili mchana

Mpendwa mdogo wangu Noelene,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Clive na huyo mbwa wenu, na kwamba baridi ya Hobart haijakukakamaza vidole, kwa kuwa naona bado vina nguvu za kukata simu. Mimi sijambo. Goti linauma kama kawaida yake, na viti vya hospitali hii vilitengenezwa na mtu asiye na makalio. Kel yuko hapa mbele yangu, amelala mdomo wazi. Hajambo, kwa kiasi cha mtu ambaye mfupa wa kichwa chake uko nje.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huwa unazungumza wewe peke yako. Ulipopiga Jumanne uliniuliza kwa nini jitu zima la miaka sabini na moja, lililokatazwa na madaktari kuvaa kofia, liende likavae kofia. Kisha ukacheka. Ukasema Kel kazaliwa mjinga na atazikwa mjinga. Sikukujibu, kwa sababu siku ile nilikuwa nakubaliana nawe. Sasa jibu ninalo, ila utalipata kwa mpangilio wake. Usiruke kurasa kama unavyofanya na vitabu.

Tuanze na ujinga wenyewe, maana ni mwingi na sitaki useme nimemfichia kaka yetu. Unazikumbuka zile nywele zake nyekundu, alizokuwa akizichana kwenye kioo cha kila gari lililosimama mbele ya duka. Ni kwa ajili ya hizo hakuvaa kofia. Mama alimsema, baba alimsema, mwalimu alimsimamisha jua likiwaka, yeye kichwa wazi kama jogoo. Hajafika thelathini na tano nywele zikamhama, zote, lakini yeye akaendelea kwenda kwenye miwa kichwa wazi kana kwamba bado zipo. Kwa jua la Pelham Creek, ambalo hata mijusi hulikwepa. Kila baada ya muda daktari wa mjini kwetu alikuwa akimkata doa hapa, akimchoma jingine pale, na Kel akirudi nyumbani na plasta husema ni kidogo tu hicho. Kichwa chake kikawa kama suruali ya kazi, viraka juu ya viraka.

Kisha likaja hili kubwa, utosini. Lilianza kama gamba, likawa kidonda, likawa kidonda chenye kingo nene zilizoinuka. Unajua alilitibu na nini? Marhamu ya farasi. Misimu miwili ya kuvuna miwa kaka yako alikuwa akijipaka marhamu ya farasi kichwani kila asubuhi kabla ya chai. Na farasi hatuna, Noelene. Farasi wetu wa mwisho alikufa baba yungali hai. Lile kopo lilikuwa bandani tangu wakati huo, limeota kutu, naye alilifungua kwa bisibisi. Nilipomuuliza kama ana akili timamu, akaniambia farasi naye ana ngozi.

Nilimpeleka mji mkubwa mimi mwenyewe, karibu kwa kumburuta. Daktari bingwa ni mwanamke mfupi anaitwa Dk. Welgama, hana maneno mengi, na hilo peke yake lilinifanya nimheshimu kuliko watu wote niliokutana nao mwaka huu. Alilitazama lile donda akasema ni saratani ya ngozi, imekwenda chini, na lazima ikatwe pana. Kel akamuuliza pana kiasi gani. Akachukua kisahani cha kikombe chake cha chai, akakiweka juu ya meza mbele ya Kel, akanywa chai yake.

Wewe ulidhani, na mimi nilidhani, kwamba mtu akikatwa kipande cha ngozi unachukua kipande kingine unabandika, basi. Ndivyo ulivyoniambia kwenye simu, kwamba Clive alipandikizwa ngozi puani na wiki iliyofuata alikuwa kwenye gofu. Hongera Clive. Pua ya Clive ina nyama chini yake. Kichwani, chini ya ngozi kuna utando mwembamba uliolala juu ya mfupa, na utando huo ndio unaolisha ngozi unayobandika. Saratani ya Kel ilikuwa imefika huko, kwa hiyo utando nao uliondoka. Ukibaki mfupa mtupu, ngozi utakayoweka juu yake ni sawa na kupanda miwa kwenye saruji. Itakauka na kubanduka. Nikamuuliza daktari kama hawezi kuivuta ngozi ya kisogoni ikaja mbele. Akasema kwa kichwa kingine angeweza, lakini hiki kimekatwa mara nyingi mno, kimekakamaa kama ngoma, ukikivuta huku kitapasuka kule. Kel alikuwa anasikiliza na kutabasamu kama anayesifiwa.

Kwa hiyo walifanya kazi kubwa. Walichukua msuli wa mgongo wake, ule mpana ulio chini ya kwapa, pamoja na mshipa wake wa kuleta damu na ule wa kuirudisha. Wakautandaza juu ya mfupa. Ile mishipa wakaipitisha chini ya ngozi mpaka mbele ya sikio la kulia, wakaiunga na mishipa ya hapo, kwa hadubini, kwa uzi ambao daktari alinionyesha na sikuuona. Kisha wakaparua ngozi nyembamba kutoka pajani na kuufunika ule msuli. Walianza asubuhi, nikanywa kahawa mbaya mpaka jua likazama.

Alipotoka alikuwa na tonge la nyama kichwani, nene, jekundu, limeinuka upande mmoja. Sikufichi, halikuwa jambo la kupendeza. Wauguzi walikuwa wakija kila saa na kidude kama kalamu nene, wanakigusisha juu ya ile nyama, na damu inasikika ikipita: shuu, shuu, shuu. Kel aliipenda sauti ile. Alisema ni kama pampu ya kumwagilia ya Nev Purtill, ila hii inafanya kazi.

Tuliporuhusiwa, Dk. Welgama alinikalisha chini, mimi, si yeye. Akaniambia uhai wa ile nyama yote umeshikiliwa na mishipa miwili iliyo mbele ya sikio la kulia, chini kidogo tu ya ngozi, na kwamba haijazoea bado. Kwa wiki kadhaa chochote kikikandamiza pale, damu itaganda na nyama itakufa. Asilalie upande ule. Asivae miwani. Asivae kofia, wala kilemba, wala chochote chenye ukingo. Akitoka nje atembee kivulini au na mwavuli. Akingoja miezi michache, akasema, atavaa kofia mpaka achoke. Kidonda kikishikamana ataanza mionzi, kwa sababu saratani ya aina ile huacha mbegu, na mionzi haiwezi kupigwa juu ya mfupa mtupu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi kuhusu kofia. Nikamwambia huyu hajawahi kumiliki kofia maishani mwake.

Nilikata mkono mmoja wa miwani yake kwa msumeno mdogo wa baba, akawa anaivaa imeinama kushoto. Nikampa mwavuli wangu, ule wa maua ya zambarau, maana hatuna mwingine. Asubuhi na jioni nilikuwa nabonyeza ile nyama kwa kidole, inakuwa nyeupe, naachia, inarudi pinki. Nilikuwa naifanya kazi hiyo vizuri. Sikumwamini mtu mwingine yeyote kuifanya.

Sasa hapa nataka usome taratibu. Ijumaa ya pili tangu arudi, Kel alisema anakwenda klabu, kwenye ile bahati nasibu yao ya kila Ijumaa, ambayo zawadi yake ni sinia la nyama. Nikamwambia ana wazimu. Akaenda. Alitembea barabara yote ya katikati ya mji, miwani imeinama, nyama kichwani, mwavuli wa zambarau mkononi, mvua hakuna. Nilimfuata kwa nyuma kwa sababu mtu lazima awepo wa kumwokota. Unawajua watu wa mji huu. Wanawake wa kamati ya kanisa walikuwa wameleta kwetu keki kwa siku kadhaa, si kwa upendo, bali wapate kukiona kichwa wakasimulie, na walipoondoka walisahau hata kuuliza mgongo wake unaendeleaje. Wanaume wa klabu hawana hata keki. Tulipoingia walimkodolea macho kichwani waziwazi. Kisha Nev Purtill, ambaye ana masikio yaliyokatwa ncha zote mbili kwa ugonjwa huohuo na bado anajiona mzuri, akainua glasi yake akasema:

"Kel, mzee, hiyo nyama kichwani umeishinda wiki hii au wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita," Kel akasema. "Na sikugawii hata kipande."

Klabu nzima ikaangua kicheko, na Kel akacheka kuliko wote, akaketi chini ya feni, akamwagiza Nev amletee bia. Watoto wa mhudumu walikuja kumtazama, akainamisha kichwa wapate kuona vizuri. Mmoja akauliza kama anaweza kugusa, akamwambia hapana, dada yangu ataniua. Nilikaa pale nikimdharau kila mtu aliyekuwamo, lakini niliona, na nataka nawe uone: hakuona haya hata chembe. Kichwa chake kilikuwa kama kilivyo, na asiyetaka kukitazama alikuwa na ukuta wa kuutazama.

Jumapili iliyofuata ulipiga simu. Mimi nilikuwa nyuma naanua nguo, akapokea yeye. Niliporudi alikuwa amesimama kwenye korido na simu imeshakatwa, akaniambia kwa furaha kwamba Noelene anakuja, anakaa kwanza kwa dada yake Clive huko Brisbane halafu Alhamisi atapanda treni. Nikasema nitaamini nikimwona. Akaniuliza kioo kikubwa kiko wapi. Nikamwambia kiko palepale kilipo tangu mama akitundike, na tangu lini anataka kioo. Akaenda zake. Alikaa chumbani kwa mama muda mrefu mlango umefungwa.

Alhamisi nilimpeleka stesheni kwa gari. Alitaka kukungoja mwenyewe, alisisitiza, akanituma nirudi nikamalizie chumba chako. Nilikuwa nimekinunulia shuka mpya, sijui kwa nini nakwambia hilo. Nilimwacha kwenye benchi kivulini na mwavuli na chupa ya maji. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki, nikadhani ni sandwichi. Treni ilichelewa, kama kawaida yake, kulikuwa na ng'ombe kwenye reli huko kusini. Mimi nikawa namenya kamba wa chakula chako cha jioni, natazama barabara.

Niliporudi kuwachukua, treni ilikuwa imekwisha kupita. Kel alikuwa palepale kwenye benchi, peke yake, na jua lilikuwa limehama likamfuata. Mwavuli ulikuwa umekunjwa kando yake. Na kichwani alikuwa amevaa pama la baba.

Unalijua pama lile. Limekaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni tangu tulipomzika, na hakuna aliyewahi kuliweka kichwani, wala mimi sijawahi kulishusha isipokuwa kupangusa vumbi. Kichwa cha baba kilikuwa kidogo, na ukanda wa ndani ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama ubao. Kel alikuwa amelishindilia juu ya ile nyama mpaka kwenye masikio. Nilimpigia kelele nikiwa bado sijashuka garini. Akaniambia treni imefika, watu wawili wameshuka, wote wa kiwanda cha sukari, labda umepitiliza kwa kusinzia. Nikalivua. Mbele ya sikio la kulia ukanda ulikuwa umechimba mfereji kama alama ya soksi. Nyama ilikuwa na rangi ya zabibu. Nikabonyeza kwa kidole, nikaachia, haikurudi pinki. Nikabonyeza tena. Akaniuliza kama kamba wameiva.

Nilimwendesha mpaka hospitali bila kusimama, nikimtukana njia nzima. Dk. Welgama alimfungua usiku huohuo, akakuta damu imeganda ndani ya mishipa, akajaribu kuizibua. Baada ya siku mbili muuguzi alikuja na kile kidude, akakigusisha hapa, akakigusisha pale, akakisogeza, na hakikusema kitu. Kel alikuwa anasikiliza kwa makini kabisa. Akasema, kama pampu ya Nev.

Waliikata yote. Mfupa uko nje tena, wanaufunika kwa vitambaa vibichi usikauke, kwa sababu ukikauka utakufa, na ukifa watalazimika kuukata nao, na chini ya mfupa wewe mwenyewe unajua kuna nini, ingawa kwa Kel nilikuwa na mashaka. Mionzi imeahirishwa. Kila wiki inayopita bila mionzi ni wiki ya ile saratani, si yake. Alhamisi hii watachukua msuli wa upande wa pili wa mgongo. Huo ukifa, hana mgongo mwingine.

Daktari alimuuliza mbele yangu kwa nini alivaa kofia. Akasema jua lilikuwa kali. Mwavuli ulikuwa kando yake, Noelene, nilimwambia daktari hivyo, na daktari akamtazama tu, akaandika. Siku zote zilizofuata nilikuwa nikija hapa asubuhi, nakaa kwenye kiti hiki, namwambia Kel yeye ni mpumbavu. Nilisema ni majivuno. Nilisema ni zile nywele nyekundu bado, kwamba amekuwa akijiona kijana mzuri mpaka kwenye mlango wa kaburi. Ujumbe wako niliukuta kwenye mashine ya simu niliporudi nyumbani kuchukua pajama zake, kwamba hukupanda treni kwa kuwa mbwa ameharisha na Clive hawezi kukabiliana naye peke yake. Nikampa Kel ujumbe huo kama ulivyo, kwa kuudhi. Akasema maskini.

Juzi Ijumaa muuguzi alikuwa anambadilisha vitambaa, nami nilikuwa nimeanza tena, majivuno, majivuno, ndipo Kel aliponishika mkono. Hajawahi kunishika mkono tangu tukiwa watoto.

"Merle, inatosha," akasema. "Noelene ndiye aliyeniomba."

Nikamuuliza ulimwomba nini.

"Nijifunike. Alisema niweke kitu kichwani, hawezi kuona vitu vya namna hiyo, atazimia palepale stesheni. Sasa mtu anatoka kule kote kuja kukuona, wewe umpokee kwa kumtisha?"

Nikasema kulikuwa na mwavuli. Akasema mwavuli unakinga jua tu, anayekuja mbele yako anaona kila kitu. Alikuwa amejaribu kitambaa cha mezani mbele ya kioo cha mama, akaonekana kama mtu aliyetoka kwenye ajali. Kofia nyingine nyumbani hakuna. Na tena, akasema, amebadilika sana tangu mlipoonana mara ya mwisho, na wewe huenda umebadilika, akaogopa mtapishana pale stesheni bila kujuana. Lakini pama la baba ungelitambua kwa mbali. Alipanga kulivaa dakika chache tu, treni ikikaribia, halafu kulivua mkiwa garini umeshamzoea. Treni ikawa kila mara inasemekana inakaribia.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungempigia simu ukamfokea. Asingekuja."

"Hakuja, Kel."

"Mbwa alikuwa anaumwa," akasema. "Mbwa hawezi kusema panapouma."

Muuguzi alikuwa amesimama na kile kitambaa mkononi, hajui aangalie wapi. Kel akaniapisha nisikwambie kamwe. Alisema utajisikia vibaya, na wewe tangu utotoni ukijisikia vibaya huwa unakaa mbali. Nikaapa. Mkono wangu ulikuwa bado uko kwenye mkono wake nilipoapa, na kabla ya saa ya chakula nilikuwa nimeshaomba karatasi hizi kwa muuguzi.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako la Jumanne. Jitu zima lilivaa kofia kwa sababu uliliambia livae. Lilitembea kichwa wazi mbele ya Nev Purtill na klabu nzima na kamati ya kanisa, na halikujali, kisha likajifunika kwa ajili yako tu, na wewe hukushuka kwenye treni. Nimewadharau watu wengi maishani, unanijua, na wengi nimewadharau kwa uvivu, kwa kuwa ni rahisi. Wewe nimekufikiria kwa uangalifu, siku mbili nzima kwenye kiti hiki. Sikuchukii. Laiti ningekuchukia ningepumzika.

Sikiliza sasa. Barua hii naituma kesho kwa posta ya haraka, utaipata Jumanne. Upasuaji ni Alhamisi asubuhi. Ndege ya Jumatano ipo, nimeuliza. Clive atakabiliana na mbwa, ana mikono miwili na pua mpya. Utapanda lifti mpaka ghorofa ya nne, utageuka kulia, kitanda cha dirishani. Wanabadilisha vitambaa alasiri, na nataka uwepo wakati huo, uone mfupa, kabla haujafunikwa tena. Utautazama, na utamwacha akuone unautazama. Ukizimia, uko hospitali tayari, watakuokota. Usilete maua, hawayaruhusu humu. Usilete kofia. Na ukija usimwambie nimekwandikia haya, mwambie umejisikia kuja tu. Ataamini. Anaamini chochote ukisema wewe.

Msalimie Clive. Jirani yako yule mwenye mabata msalimie pia, ndiye mtu pekee wa huko aliyewahi kunijibu vizuri. Shuka zako bado ziko kitandani, sijazitandua.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Merle

Naongeza hili pembeni kwa kuwa nafasi imebaki. Kel ameamka. Ananiona naandika, nimemwambia nakupa habari za mvua na bei ya miwa. Anakusalimu sana. Anauliza tumbo la mbwa limepona?